Mauntini za shokapu kwenye gari la zamani: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Juu kabisa ya shokapu ya mbele, pale inapofungwa kwenye bodi ndani ya boneti, pana kipande cha raba kilichogandishwa na chuma, na chini yake beringi. Hiyo ndiyo mauntini. Raba huzuia mtikisiko wa barabara usipande kwenye bodi. Beringi huiachia shokapu na springi zizunguke pamoja na gurudumu unapokata usukani. Kwenye mfumo wa MacPherson, yaani shokapu na springi zikiwa nguzo moja, ambao Ford ilianza kuufunga kwenye magari yake ya Ulaya karibu na mwaka 1950 na ambao leo umejaa kwenye magari madogo, mzigo wa kona nzima ya mbele hupitia hapo. Ni kipande kidogo kinachofanya kazi kubwa, na kikichoka lawama huangukia vipuri vingine.

“Mbele kunagonga, basi shokapu zimekufa.”

Shokapu iliyochoka kwa kawaida haigongi. Inaliacha gari liendelee kudunda baada ya tuta, pua inazama ukikanyaga breki, na mara nyingi mwili wa shokapu unakuwa umelowa mafuta. Mauntini iliyokufa ina lugha yake: “ko” fupi na kavu kwenye mashimo madogo ukiwa mwendo wa pole, na ukizungusha usukani gari limesimama unasikia springi ikijifyatua, “dong”, kwa sababu beringi imekwama na springi inajisokota hadi inateleza kwa ghafla.

Kinachochanganya watu zaidi ni linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachoishika stabilaiza (chuma kirefu kinachounganisha pande mbili za mbele), maana nayo hutoa “ko” inayofanana sana. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni barabara yenyewe. Pita juu ya tuta magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja: stabilaiza haijisokoti, kwa hiyo linki inatulia au inapunguza sauti. Kisha pitisha gurudumu moja tu kwenye shimo. Sauti ikija hapo peke yake, anza na linki. Ikija mara zote mbili, elekea juu kwenye mauntini. Unapoitikisa linki kwa mkono, hakikisha magurudumu yote mawili yako kimo kimoja, chini au juu ya ngazi za kupandishia gari. Gari likiinuliwa jeki upande mmoja tu, stabilaiza inaivuta linki kwa nguvu na ulegevu wake haujitokezi kabisa. Linki nyingi mbovu hupona ukaguzi kwa sababu hiyo.

“Nimefungua boneti nimeangalia, raba ni nzima.”

Unachokiona juu ni kofia ya raba au sahani ya chuma. Raba huachana na chuma kwa upande wa chini, usioonekana mpaka shokapu ishuke. Macho hayatoshi hapa, mkono ndio unaofanya kazi.

Gari liwe chini kwenye sakafu tambarare, injini inawaka, handibreki imevutwa. Mtu mmoja azungushe usukani polepole toka upande mmoja hadi mwingine. Wewe ingiza mkono juu ya tairi, weka kiganja upande wa nje wa springi. Usipenyeze vidole katikati ya mizunguko yake. Springi nzima huzunguka kwa ulaini, bila kusita. Beringi ikiwa imekwama, utaihisi ikivumilia, ikivumilia, halafu inaruka na mshtuko unaingia kiganjani. Kisha weka vidole viwili juu ya nati ya katikati ndani ya boneti, mwenzako aendelee kuzungusha huku mwingine akilidundisha gari kwa kukandamiza pembe ya mbele. Nati ikicheza upande kwa upande au ikipanda na kushuka ndani ya kofia, raba imekwisha. Kwanza lakini hakikisha nati hiyo imekazwa. Nati iliyolegea hutoa sauti ileile, na dawa yake ni kuikaza kwa kipimo.

Dalili nyingine ni usukani usiorudi katikati baada ya kona, au gari linalovuta kidogo upande ule uliogeukia mwisho. Viungo vingine vya usukani na gurudumu, yaani tairodi endi na boljointi, vikikaza navyo huleta hali hiyo, ndiyo maana jaribio la kiganja lina thamani.

Tahadhari moja: gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, magari mengi huonyesha mwanya kati ya kofia ya mauntini na bati la bodi. Wengine wakiuona wanatoa hukumu papo hapo. Kwa aina nyingi za gari ni hali ya kawaida. Linganisha kulia na kushoto, na amini zaidi unachokiona gari likiwa limekalia magurudumu yake.

“Paka grisi, itanyamaza.”

Itanyamaza siku chache. Grisi na mafuta ya petroli huivimbisha na kuilainisha raba ya asili, na beringi ya mauntini kwa kawaida imefungwa, haina pa kupenyezea grisi. Kilichokatika hakigandishwi kwa mafuta.

“Fungua nati ya katikati, mauntini inatoka bila kushusha shokapu.”

Hii ndiyo dhana inayovunja mataya. Nati ya katikati ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na springi ya mbele ya gari dogo imebeba mamia ya kilo. Ukiitoa kabla springi haijabanwa kwa klampu za kubania springi, mauntini, sahani na springi vinaruka kwa pamoja. Kuilegeza nati hiyo robo mzunguko gari likiwa limekalia tairi zake ni jambo ambalo baadhi ya vitabu vya ufundi huruhusu, kwa kuwa baadaye rodi (fimbo ya katikati ya shokapu) huzunguka bure. Kuitoa ni habari nyingine kabisa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Legeza nati za gurudumu, inua gari, liweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Toa gurudumu. Fungua kishikizo cha mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS kwenye mwili wa shokapu, na linki ya stabilaiza kama imefungwa hapo. Kabla hujagusa bolti mbili za chini zinazoishika shokapu na nako (kile chuma kinachobeba gurudumu), chora mstari wa rangi kuzunguka vichwa vyake na pale vyuma viwili vinapokutana. Toa bolti hizo, kisha ifunge nako kwa waya imara kwenye fremu. Ikiachwa ianguke nje, mpira wa breki unabeba uzito usio wake, na shafti ya gurudumu inaweza kuchomoka kwenye jointi ya ndani. Mwishoni ndipo ufungue nati ndogo za juu kwenye bodi, mara nyingi tatu, huku mkono mmoja umeishika shokapu isidondoke.

Mezani, weka klampu mbili zikikabiliana kabisa, kila moja ikishika mizunguko mingi kadiri iwezekanavyo. Zikaze kwa kupokezana, mizunguko michache huku na michache kule, kwa spana ya mkono. Acha kukaza springi inapoanza kucheza kwenye viti vyake. Kuibana zaidi ya hapo ni hatari isiyo na faida. Usisimame usawa wa mwisho wa springi, na usiuelekeze kwa mtu. Klampu yenye nyuzi zilizolika au ndoano iliyopinda itupwe.

“Bunduki ya upepo inamaliza kazi mara moja.”

Kwenye nati ya katikati spana hiyo ya upepo inazungusha rodi nzima, na mapigo yake yanaweza kulegeza kilichofungwa ndani ya shokapu. Baya zaidi ni kuishika rodi kwa koleo: kromu inakwaruzika, mkwaruzo unachana sili inayozuia mafuta, na shokapu iliyokuwa nzima inaanza kuvuja. Rodi nyingi zina tundu la pembe sita la aleni au pande mbili bapa kichwani. Shika hapo, zungusha nati kwa spana ringi iliyopinda.

Vipimo vya kukazia hutofautiana kwa gari. Nati ndogo za bodi kwa kawaida ziko kati ya 20 na 50 Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukazia), ya katikati mara nyingi 45 hadi 75 Nm, na bolti za chini huvuka 100 Nm kwa urahisi. Kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho.

“Zinaingia vyovyote.”

Baadhi ni za duara kamili, kulia na kushoto sawa. Nyingine tundu lake halipo katikati, zina mshale au alama inayoonyesha upande wa nje, na zikigeuzwa hubadilisha mlalo wa gurudumu. Piga picha kabla ya kutenganisha: mpangilio wa washa, upande wa juu wa beringi, na pale ncha ya springi inapokalia ngazi ya kiti chake. Ncha ikikaa nje ya ngazi hiyo, gari likishuka chini springi inajipanga yenyewe kwa kishindo, na mwenye gari atarudi akilalamika kuwa mauntini mpya ni mbovu.

“Shokapu ni mpya, mauntini za zamani ziendelee.”

Ukishafika hapo kazi yote imeshafanyika. Kuirudisha mauntini ya miaka 15 juu ya shokapu mpya ni kujitafutia kazi ileile mara ya pili. Badilisha pande zote mbili, pamoja na beringi kama inauzwa peke yake, kifuniko cha vumbi, na stopa, ile raba inayoizuia shokapu isigonge mwisho. Kama lazima uchague, stopa iliyosagika ndiyo ya kutokuvumilia: unga wake huingia kwenye rodi na kuila sili.

“Nilichora alama, alaimenti ya nini?”

Alama zinakufikisha salama kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima mlalo wa magurudumu, hazichukui nafasi yake. Mashimo ya bolti za chini yana nafasi kidogo, na tofauti ndogo hapo huonekana kwenye ukingo wa tairi. Mauntini mpya nayo huinua kimo kidogo ikilinganishwa na ile iliyokuwa imebonyea. Endesha kilomita chache springi zitulie, kisha pima.

Na kabla hujafunga mauntini mpya, kwangua uchafu chini ya kuba la bati inapokaa. Kwenye magari ya zamani kutu hula hapo kimyakimya, hasa kuzunguka matundu ya bolti. Bati likibonyea kwa bisibisi au likiwa na ufa, kazi hiyo ni ya fundi wa kuchomelea bodi, na mauntini isubiri kwenye boksi lake mpaka amalize.