Mwinuko wa kulala: namba inayopanga safari ya Kilimanjaro

Mwinuko wa kulala ni urefu, kwa mita kutoka usawa wa bahari, wa mahali utakapolaza kichwa usiku. Sehemu ya juu uliyofika mchana haihesabiki hapa, wala kilomita ulizotembea. Anayepanga njia ya mlima mrefu huandika kwanza namba hizi za kila usiku, kisha ndipo anaangalia mandhari, umbali na bei.

Kwa nini kulala? Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kina karibu nusu ya kanieneo ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mchana mwili unajitetea kwa kuhema haraka. Ukisinzia, ule uhemaji unalegea. Wengi wakilala juu ya mita 3,500 hivi hupumua kwa vipindi: pumzi nzito kadhaa, kimya cha sekunde chache, halafu mtu anashtuka kama aliyekabwa koo. Oksijeni ya damu inashuka kuliko ilivyokuwa mchana, na inabaki chini usiku kucha. Kula chakula cha mchana kwenye mita 4,600 ni kuuchokoza mwili uanze kujirekebisha. Kulala hapohapo kabla hujazoea ni kuuelemea. Ndiyo maana ya ile kauli ya mlimani, panda juu, lala chini.

Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii: ukishavuka mita 3,000, mwinuko wa kulala usipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne weka siku ya mapumziko, yaani usiku wa pili palepale. Ardhi haijali kanuni, kwa hiyo usiku mmoja ukizidisha, usiku unaofuata lazima ulipe.

Chukua njia ya Machame ya siku saba, kalamu mkononi. (Vibao vya kambi na ramani hupishana kwa makumi ya mita, hilo lisikusumbue.) Usiku wa kwanza Kambi ya Machame, 3,000. Wa pili Shira, 3,840. Wa tatu Barranco, 3,960. Wa nne Karanga, 4,030. Wa tano Barafu, 4,670. Sasa toa: 840, 120, 70, 640. Shira imevunja kanuni, lakini hakuna kambi katikati ya ule mgongo wa mlima, na deni linalipwa usiku wa Barranco na wa Karanga. Kuanzia Machame hadi Barafu ni mita 1,670 kwa hatua nne, wastani wa 418 kwa usiku. Barafu nayo imezidi mita 500, lakini kwa wastani hesabu inakubali.

Siku ya tatu ndiyo inayobeba njia nzima. Kutoka Shira mgeni anapandishwa hadi Lava Tower, mwamba mrefu ulio kwenye kama mita 4,600, anakula, anakaa muda kidogo, kisha anateremka kulala Barranco. Amepanda zaidi ya mita 700 na kulala mita 120 tu juu ya alikoamkia. Wagumu, yaani wapagazi, hawapiti huko. Wanashika njia ya chini na mizigo yao ya kilo 20, wakasimamishe mahema mapema. Mgeni aliyeamka Shira akiwa anatapika naye apitishwe njia hiyo ya chini, au ashushwe kabisa. Kumpeleka Lava Tower "akazoee" ni kosa, kwa sababu kuzoea hufanyika kwa mwili ambao bado haujaumwa.

Ondoa usiku wa Karanga, upate Machame ya siku sita. Hapo mgeni anapanda ukuta wa Barranco asubuhi, anateremka bonde la Karanga na kupanda tena, anafika Barafu jioni, anajilazimisha kula, na kwenye saa sita usiku anaamshwa kwenda kileleni. Mwinuko wa kulala umeruka mita 710 kwa usiku mmoja, na huo wenyewe si usiku, ni saa nne au tano za kugeukageuka kwenye begi la kulalia. Mwenye siku saba anafika Barafu mchana na ana jioni nzima ya kupumzika. Tofauti ya siku moja hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya viatu, mazoezi au umri. Inakatwa kwa sababu ya pesa: ada za hifadhi hulipwa kwa siku, na kila siku ina chakula na ujira wa timu nzima.

Maji nayo huamua kambi ilipo. Barafu haina maji. Kwenye njia hii ya kusini, bonde la Karanga ndilo la mwisho, na maji ya kupikia Barafu hubebwa kutoka huko kwa madumu. Anayepanga kulala Barafu usiku mbili "ili azoee zaidi" ajue anaongeza safari za wapagazi wa maji, na usingizi wa hapo si wa kumjenga mtu. Usiku wa ziada uweke chini zaidi.

Njia ya Marangu inaonyesha upande wa pili. Vibanda vyake ni Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720: elfu moja, elfu moja tena, kisha kileleni. Ni rahisi kukariri na ni vibaya kwa mwili. Kwa siku tano, njia hii inayosifiwa kwa wepesi wa ardhi yake inageuka kuwa ngumu, na wengi wanaorudishwa wana miguu mizima kabisa. Dawa yake ni siku ya sita: usiku wa pili Horombo, na mchana wake utembee hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, au zaidi kuelekea Mawenzi, kisha urudi kulala.

Mlima Kenya ni mfupi, na ufupi huo unadanganya. Kutoka Nairobi, mita 1,700 hivi, gari linakufikisha getini Naro Moru siku hiyohiyo. Unalala Met Station, 3,050, na kesho yake Kambi ya Mackinder, 4,200. Mruko wa 1,150. Njia ya Sirimon ni afadhali kidogo: Old Moses 3,300, Shipton 4,200, mruko wa 900. Njia zote mbili zinahitaji usiku wa ziada kwenye kambi ya kwanza kabla ya kwenda kilele cha Lenana, 4,985.

Usiku wa kileleni hauingii kwenye hesabu, kwa kuwa hakuna anayelala Uhuru. Unapanda mita 1,225 kutoka Barafu na kushuka siku hiyohiyo, mara nyingi hadi Kambi ya Mweka, 3,100. Kinachouhusu ni saa ya kugeuka, ipangwe jioni kabla akili haijachoka: kwa mfano, asiyefika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, saa tatu asubuhi anageuzwa. Ila kuna wanaouza usiku wa Crater Camp, kambi ya ndani ya kreta, mita 5,730. Hapo mwinuko wa kulala unaruka zaidi ya elfu moja juu ya Barafu, na mtu akizidiwa, kabla ya kushuka inabidi kwanza apandishwe hadi ukingo wa kreta. Kwa asiye na usiku kadhaa juu ya mita 4,000, tungeufuta.

Mpango wowote unapimwa kila asubuhi kwa mtu, si kwa karatasi. Kichwa kikiuma kidogo, bakia ulipo, usipandishe mwinuko wa kulala mpaka kipone. Kikiuma pamoja na kutapika na dawa za maumivu hazisaidii, shuka. Mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino mbele ya vidole. Akiyumba, ubongo unavimba. Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, au akikohoa povu, mapafu yanajaa maji. Katika hali hizo mbili hakuna kusubiri kupambazuke: anashushwa usiku huohuo, mita 300 hadi 1,000 au mpaka dalili zipungue. Oksimita ya kidoleni, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, inasaidia kulinganisha mtu na jana yake, lakini vidole vya baridi huipotosha, na namba nzuri haimwokoi anayeyumba. Asetazolamaidi, dawa ambayo daktari huandika kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku, huharakisha kuzoea. Haigeuzi mruko wa mita elfu kuwa wa mia tano.