Ukifika Japani usiogope samaki mbichi, ulizia supu

"Wajapani hula samaki mbichi tu, mimi nitashinda njaa." Wasafiri wengi huondoka na hofu hiyo, na wengine hurudi wakiwa wamekula mkate na kuku wa kukaanga siku zote. Inasikitisha, kwa sababu mlo wa kawaida wa Kijapani ni wali mweupe, bakuli la supu ya miso (rojo la soya iliyovundikwa) na vitoweo vidogo vidogo: samaki wa kuchoma kwa chumvi, mboga za kuchemsha, achari. Mpangilio huo huitwa ichiju sansai, yaani supu moja na vitoweo vitatu. Aliyekulia wali na samaki hatajiona mgeni. Mchana tafuta mgahawa wenye teishoku, sinia moja iliyokusanya vyote, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko ya usiku. Kama menyu huisomi, migahawa mingi huweka dirishani sanamu za vyakula vyao, nawe utaonyesha unachokitaka.

Hata sushi huwa tunaielewa vibaya. Jina hilo ni la wali uliotiwa siki. Vipande vya samaki mbichi bila wali ni sashimi. Ipo sushi ya yai, ya kamba aliyechemshwa, ya mkunga aliyepikwa, ya tango. Asili yake ni samaki aliyevundikwa kwa chumvi na wali kwa miezi mingi, na kandokando ya Ziwa Biwa bado wanaitengeneza hivyo, wanaiita funazushi. Hii ya kufinyangwa mkononi ilienea Edo, Tokyo ya leo, katika karne ya 19, ikiuzwa vibandani kwa watu wenye haraka. Kwa hiyo kuila kwa vidole si kosa hata kidogo.

Dhana inayoumiza watu kweli ni hii: "Nikiagiza mboga au tambi, niko salama." Karibu kila kitu jikoni mwao huanzia kwenye dashi, supu nyepesi ya mwani uitwao kombu na jodari aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama ubao, kisha akaparuzwa. Majumbani wengine hutumia niboshi, ambao ni dagaa wakavu. Ladha ya kombu ndiyo iliyomfanya mwanakemia Kikunae Ikeda, mwaka 1908, aipe jina la umami. Basi asiyekula samaki atakutana naye ndani ya supu ya miso, na hata kwenye mchicha wa kuchemsha.

Kwa Mwislamu dashi si tatizo. Tatizo ni sake na mirin, pombe za mchele zinazotiwa kwenye sosi nyingi, pamoja na mifupa ya nguruwe inayochemshwa kutengeneza supu ya tambi za rameni ya aina ya tonkotsu. Kuondoa kipande cha nyama juu ya bakuli hakusaidii. Jifunze sentensi moja: "Butaniku wa haitte imasu ka?", je, kuna nyama ya nguruwe ndani? Ukiulizia pombe, weka "osake" mahali pa "butaniku". Na asiyekula nyama wala samaki aende Koyasan, mji wa mahekalu ulio mlimani, ambako mahekalu hupokea wageni kulala na kuwaandalia shojin ryori, chakula cha watawa wa Kibudha. Dashi yao ni ya kombu na uyoga, na kuna tofu laini ya ufuta ambayo peke yake inatosha kuwa sababu ya safari.

Kuhusu vijiti, wageni hujitesa bure. Ukivishika vibaya hakuna atakayekasirika, lakini usivisimike ndani ya wali wala usimpitishie mwenzako chakula kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni ya msibani. Hilo la pili ndivyo ndugu wanavyookota mifupa ya marehemu baada ya kuchomwa. Kufyonza tambi kwa sauti, jambo ambalo kwetu mtoto hukemewa, kule ni sawa.

Bakshishi? Usiache. Ila kwenye izakaya, baa ya Kijapani inayouza pia vitoweo, utaletewa kibakuli usichoagiza, otoshi, nacho hulipiwa.

Ukilala ryokan, nyumba ya wageni ya jadi, chakula cha jioni huandaliwa kwa saa maalumu. Mambo usiyokula yaseme siku unapoweka nafasi. Ukisubiri hadi mezani, mpishi keshamaliza kununua.

Wengine husema kula ndani ya treni ni mwiko. Ni kweli kwa treni za mjini. Kwenye shinkansen, treni za mwendo kasi, watu hula ekiben, chakula cha boksi chenye vitoweo vya mkoa husika. Kinunue stesheni kabla ya kupanda, maana tangu mwishoni mwa Oktoba 2023 toroli za vyakula hazipiti tena kati ya Tokyo na Osaka.