Yasemwayo barazani kuhusu kuandika filamu kwa simu

Binti ya ndugu yangu alinijia jioni moja barazani, simu mkononi. "Ami, niongeze pesa ninunue programu ya kuandikia filamu. Bila hiyo hawakusomi." Akanionyesha bei kwa dola, nikaipiga hesabu kwa shilingi, kisha nikamwambia, "Keti kwanza, mwanangu, unywe kahawa." Maneno kama yake nimeyasikia kwa vijana wengi wa hapa Amu, yaani Lamu, wengine mtaa wa Langoni, wengine gatini wakingoja boti. Wana hamu ya kuandika, ila wameshikilia mambo ambayo hayako hivyo.

Hilo la programu ndilo linalowavunja moyo wengi. Programu ya Final Draft inatumiwa sana Hollywood, hilo kweli, na bei yake si ya mchezo. Lakini anayesoma skripti yako, yaani maandishi ya filamu, haoni uliandika kwa programu gani. Anaona ukurasa tu: herufi za Courier za ukubwa wa 12, kichwa cha onyesho, maelezo mafupi, jina la mhusika, maneno yake. Mwenye kompyuta ana Trelby, ya bure kabisa. WriterDuet nayo hukuruhusu skripti chache kabla ya kudai malipo. Na asiye na kitu ila simu ana Fountain, ambayo hata programu si programu. Ni utaratibu wa kuandika skripti kwa maandishi ya kawaida, uliotolewa mwaka 2012, na John August, mwandishi wa filamu wa Marekani, ni mmoja wa walioubuni. Unaandika mahali unapoandikia orodha ya sokoni, kisha unapeleka maandishi kwenye tovuti ya bure kama Afterwriting, nayo inakupa PDF iliyopangika.

Kuna kikwazo kidogo kwetu sisi. Fountain inatambua kichwa cha onyesho kwa vifupisho vya Kiingereza, INT. na EXT., yaani ndani na nje. Ukiandika NDANI au NJE, itadhani ni maelezo ya kawaida. Dawa yake ni nukta moja mwanzoni mwa mstari:

.NJE. GATI LA AMU - ALFAJIRI

Punda wawili, magunia ya saruji mgongoni. MWANAKHAMISI anashuka botini, viatu mkononi.

MWANAKHAMISI
Ndoo unishike mkono!

Basi. Mstari mtupu, jina kwa herufi kubwa, maneno yake chini bila kuacha nafasi. Mengine itajipangia yenyewe.

Na hapo penye "ndoo", yaani "njoo" kwa Kiamu, ndipo tulipobishana. Binti alikuwa ameandika "njoo", kwa sababu aliambiwa skripti ya Kiswahili sharti iwe Kiswahili sanifu, kama insha ya mtihani. Si kweli. Maelezo yaandike kwa lugha ambayo mwongozaji wa Nairobi au Dar ataielewa mara moja. Mhusika mwache aseme kama asemavyo. Mama wa Mkomani, mtaa wa hapa Amu, akimwambia mwanawe "njoo" na "njia" badala ya "ndoo" na "ndia", mtazamaji wa huku atajua papo hapo kwamba yule mama hajawahi kukaa Mkomani.

"Kusoma skripti za watu ni kuiba." Hili linanishangaza kila nikilisikia, maana hakuna fundi wa jahazi aliyejifunza bila kusimama kando ya fundi mwingine akitazama. BBC ina maktaba ya skripti kwenye tovuti yake, wazi kwa yeyote, na imewekwa hapo makusudi isomwe. Craig Mazin, mwandishi wa tamthilia ya televisheni ya Chernobyl, alitoa skripti zake zote tano mwaka 2019, bure. Studio kubwa nazo, msimu wa tuzo unapokaribia, huzianika skripti za filamu zao ili wapigaji kura wazisome, na wewe pia unaweza kuzisoma.

Jihadhari tu na jambo moja. Si kila kinachoitwa skripti mtandaoni ni skripti. Kuna watu waliotazama filamu wakaandika waliyoyasikia, basi unapata maneno matupu yasiyo na vichwa vya maonyesho wala maelezo. Hayo hayakufunzi kitu. Tovuti kubwa kama IMSDb ina mchanganyiko: rasimu za mwanzo, za mwisho, na hayo ya kunakiliwa kwa sikio.

Namna ya kuzisoma nayo ina siri yake. Nilimwambia binti atazame onyesho la dakika mbili, azime, aliandike yeye mwenyewe, ndipo afungue skripti ya mwandishi alinganishe. Alikuja kesho yake amenuna. Yeye alijaza karibu ukurasa mzima akieleza chumba, mapazia na hasira ya mhusika "moyoni mwake". Mwandishi alitumia mistari minne, na hasira yote ilikuwa katika namna mtu alivyoweka kikombe mezani. Zoezi hilo moja lilimfaa kuliko video kumi za "siri za waandishi".

Kuna na usemi kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja ya filamu. Hayo ni makadirio tu. Kufukuzana vichochoroni kunaweza kuandikwa mistari mitatu na kuchukua dakika nzima.

Wengine hawatumi kazi kokote kwa kuogopa kuibiwa, wengine hujitumia wenyewe kwa barua pepe wakidhani wameisajili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki inaanza mara tu unapoiandika kazi yako, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi wa nguvu ukiingia kwenye mzozo. Wazo tupu, lakini, halina mwenyewe. Msichana wa Shela anayetaka kuingia mashindano ya jahazi ni hadithi ambayo mimi na wewe na jirani tunaweza kuiandika kila mtu kivyake. Maneno yako ndiyo yako.

Wizi wenyewe mara nyingi huja kwa mlango mwingine. Miaka iliyopita nililipa "ada ya kusomewa" kwa mtu aliyejiita wakala wa waandishi, na jibu lake lilikuwa kuniomba ada ya pili. Wakala wa kweli hula asilimia ya mauzo, yaani hapati kitu mpaka wewe upate. Writer Beware, tovuti ya bure, imekuwa ikifichua matapeli wa aina hii kwa miaka mingi, na laiti ningeijua mapema.

Ati mtandaoni hakuna cha Mswahili? Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea hadithi za Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, bila ada. Ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal, ni ya Kiswahili pekee. Ila soma masharti kabla hujamwaga hadithi yako Facebook, kwa kuwa tuzo nyingi hutaka kazi isiyochapishwa. Na anayeandika mambo ya kale aingie mkusanyo wa mtandaoni wa SOAS, chuo cha London, ambako hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine za visiwa vyetu hivi, zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Programu sikumnunulia. Nilimtilia bando, akapakua zile skripti tano za Chernobyl, na stima ilipopotea jioni ile alikuwa amejilaza kitandani akisoma ya pili, simu ikiwa na chaji asilimia thelathini.