Yai la livawoti, na dada zake wanaokufa

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Marangu, kando ya mifongo ya maji utakuta mawe yamevaa kitu bapa cha kijani kibichi. Wengi huona ukungu tu na kupita. Ni Marchantia, mmea wa jamii ya livawoti, usio na mizizi ya kweli, ua wala mbegu. Mimi huukata vipande vyembamba nikauangalia kwa hadubini, maana nataka kujua yai lake linavyotokea.

Yai hukaa ndani ya kiungo kiitwacho akigonia, chenye umbo la kibuyu: tumbo chini, shingo ndefu juu. Chote huanzia kwenye seli moja ya juujuu. Hiyo hugawanyika, ya chini ikawa kikonyo. Ya juu hugawanyika mara tatu kwa wima, na katikati ikabaki seli moja iliyozungushiwa wenzake. Wa pembeni watajenga ukuta. Huyo wa katikati ndiye wa kumfuatilia: hutoa kifuniko, kisha seli za mfereji wa shingo, ambazo kwa Marchantia huwa nne kwa kawaida, na chini yake seli ya tumbo. Seli ya tumbo nayo hugawanyika mara moja, tena si nusu kwa nusu. Dada mdogo hukaa juu, mkubwa chini. Mkubwa ndiye yai. Mdogo hufa, na wote wa shingoni hufa pia.

Vifo hivyo ni sehemu ya kazi. Seli zikishavunjika huacha ute, ute hufyonza maji na kuvimba, kifuniko husukumwa kikaachana, na hapo seli dume yenye mikia miwili inaweza kuogelea hadi kwa yai. Kwa maoni yangu, anayelisoma yai bila kuzisoma seli zinazolifia amesoma nusu ya habari.

Shida ni kwamba mgawanyiko ule wa mwisho hupita haraka, na huwezi kukaa ukautazama ukitokea. Kila kipande kilicho kwenye kioo kimeshauawa kwa dawa, kikaondolewa maji kwa spiriti, kikagandishwa ndani ya rezini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa joto. (Rezini inataka oveni yenye joto lisiloyumba, ukiishi mahali umeme unakatikakatika, jenereta nayo ni kifaa cha maabara.) Kwa hiyo mfuatano huunganishwa kutoka akigonia nyingi za umri tofauti, na hapo Marchantia inatusaidia sana. Kwenye kichwa cha mmea jike, kilichobebwa na bua, akigonia hujipanga kwa safu: kongwe ziko ukingoni, changa ziko karibu na bua. Ukikata vizuri kufuata safu, unapata kipande kimoja chenye rika kadhaa. Ukikata upande unapata shingo bila tumbo, au tumbo bila yai, na siku imeishia hapo.

Rangi ninayoipenda ni toluidini ya buluu, juu ya kipande cha unene wa maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Viini vya seli hutoka buluu, lakini ute wa shingoni huelekea zambarau au waridi, kwa hiyo hata mwanafunzi mgeni huona mara moja mfereji upi umeshafunguka. Yai lililokomaa limejitenga na ukuta wa tumbo, limezungukwa na uwazi, na lenyewe halina ukuta.

Wilhelm Hofmeister, aliyeonyesha mwaka 1851 kwamba livawoti, mosi na kangaga hupokezana vizazi viwili, kimoja cha mayai na seli dume, kingine cha spora, alikuwa katika biashara ya vitabu na muziki huko Leipzig, hana shahada. Hadubini yake ilikuwa ya mwanga tu, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema bila hadubini ya elektroni hakuna cha kufanya. Kata shingo tu kwa mkingamo: Marchantia ina safu sita za seli, livawoti wengi wenye majani wana tano. Honiwoti, jamii nyingine ya mimea midogo isiyo na ua wala mbegu, ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu akigonia yao imezama ndani ya mwili wa mmea na ukuta wake haujitengi na seli jirani.

Anayetaka kujaribu achukue vichwa ambavyo bua lake bado ni fupi. Bua la jike hurefuka baada ya yai kurutubishwa, hivyo kile kilichosimama wima na kupendeza machoni mara nyingi kina viinitete, na yai ulilolifuata halipo tena.