Kanuni Fupi, Namba Korofi: Dhana Potofu Kuhusu Mifuatano ya Namba

Mfuatano wa namba kamili huweza kuelezwa kwa mstari mmoja tu: hutolewa namba za mwanzo, kisha kila inayofuata hupatikana kutokana na zilizoitangulia. Kwa sababu ya ufupi huo, wengi hudhani kwamba tabia ya namba zenyewe nayo ni rahisi kutabiri.

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba uwiano wa dhahabu, takriban 1.618, unaokaribiwa kila namba inapogawanywa kwa iliyoitangulia, ni mali ya namba za Fibonacci peke yake, yaani 1, 1, 2, 3, 5, 8 na kuendelea. Ukweli ni kwamba uwiano huo hutokana na kanuni ya kujumlisha namba mbili zilizotangulia, wala si na 1 na 1 za mwanzo. Anza na 3 na 50, utapata 53, 103, 156, 259, na hatimaye 1763 na 2852. Gawanya 2852 kwa 1763, jibu ni 1.6177. (Wala Leonardo wa Pisa, ndiye Fibonacci, aliyeziandika mwaka 1202, hakuwa wa kwanza: wataalamu wa arudhi wa India walikuwa wakizijua kabla yake.)

Dhana nzito zaidi ni kuamini kwamba mwenendo ukidumu kwa hatua nyingi, basi umethibitika. Mfuatano wa Göbel unaikanusha vizuri kuliko mfano mwingine ninaoujua. Andika 1, kisha kwa kila hatua jumlisha 1 na vipeo vya pili vya namba zote zilizopatikana, halafu gawanya kwa namba ya hatua hiyo. Hatua tatu za kwanza hutoa 2, 3 na 5. Hatua ya nne ni 1+1+4+9+25, yaani 40, gawanya kwa 4, upate 10; ya tano ni 140 kwa 5, yaani 28; ya sita ni 924 kwa 6, yaani 154. Hakuna kinachobaki, na hali huendelea hivyo hadi hatua ya 42. Katika hatua ya 43 ndipo mgawanyo unapokataa. Matokeo ya hatua hiyo yana tarakimu zaidi ya bilioni 178, kwa hiyo hakuna anayeyaandika. Hufuatwa mabaki ya kugawanya kwa 43 tu, kazi inayowezekana hata kwa karatasi na kalamu.

Mfuatano wa Perrin, 3, 0, 2, 3, 2, 5, 5, 7, 10, 12, 17, 22, ambamo kila namba baada ya tatu za mwanzo ni jumla ya zilizo nafasi mbili na tatu nyuma yake, umewapotosha wengi vilevile. Ukihesabu nafasi kuanzia sifuri, kila nafasi iliyo namba tasa huigawanya namba iliyopo hapo: 22 iko nafasi ya 11. Hilo limethibitishwa. Kinyume chake, kwamba nafasi yenye sifa hiyo lazima iwe namba tasa, si kweli, ingawa kosa la kwanza liko mbali sana, kwenye 271441, ambayo ni 521 mara 521. Liligunduliwa mwaka 1982.

Wapo pia wanaodhani kwamba kanuni fupi haiwezi kubaki bila kueleweka. Katika mfuatano wa Q wa Douglas Hofstadter, 1, 1, 2, 3, 3, 4, 5, namba mbili za mwisho hukuambia urudi nyuma nafasi ngapi kutoka nafasi mpya, kisha ujumlishe utakazozikuta. Kwa nafasi ya saba, 4 na 3 hukurudisha kwenye 2 na 3, ndipo ipatikane 5. Siku moja namba ikitaka urudi nyuma kupita mwanzo, mfuatano utakwama, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba hilo halitatokea.