Je, wajua? Mwenye D+ anaweza kufika chuo kikuu bila kurudia KCSE

Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya, yanapotoka, kuanzia Malindi hadi Lamu husikika maneno yale yale: hakupata C+, basi chuo kikuu si chake tena. Wanaosema hivyo wana sababu. C+ ndiyo gredi ya chini kabisa ambayo KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hukubali kwa digrii. Katika mtihani wa 2024 walioifikia walikuwa 246,391 kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000, karibu robo tu.

Lakini C+ ni sharti la kuingia moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Haikuwekwa kuwa hukumu ya maisha, na inasikitisha kuona vijana wa miaka 18 wakiipokea hivyo, wazazi nao wakikubali. KUCCPS hiyo hiyo hupanga pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi: C- hutosha kwa diploma, D kwa cheti cha ufundi, na aliye chini ya hapo huanza ngazi ya chini zaidi. Kwa hiyo hakuna aliyefanya KCSE akakosa pa kuanzia.

Kinachounganisha hatua hizo ni mfumo wa kitaifa wa vyeti uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014. Una ngazi 10. Cheti cha ufundi kiko ngazi ya 5, diploma ya 6, digrii ya kwanza ya 7, na uzamivu ya 10. Aliyemaliza ngazi moja hutumia cheti hicho kuombea inayofuata.

Anayesafiri kwa boti kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda kisiwa cha Pate anaujua Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa sana, boti haipiti. Nahodha ama angoje maji yajae, ama azunguke Manda kwa upande wa bahari kuu. Kurudia KCSE ni kungoja maji. Kupanda kwa vyeti ni kuzunguka: safari ndefu zaidi, yenye mawimbi yake, lakini inafika Pate ile ile. Mwenye D+ akianza na cheti cha umeme, kisha diploma, atafika digrii miaka kadhaa baada ya wenzake. Tofauti ni kwamba njiani tayari ana ujuzi wa kumpa kazi.

Hata mafundi waliojifunza kazini wana mahali pao. Mjenzi wa majahazi wa Matondoni au mchongaji wa milango wa Amu, ambaye hajawahi kukaa darasa la ufundi, anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti kinachotambulika. Majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, yamefanya hivyo kwa muda mrefu, na sasa utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa umeingizwa katika mfumo wa kitaifa. Kwa pwani yetu, ambako ujuzi mwingi hurithishwa kwa baba na mjomba, nadhani hili lilistahili kutangazwa kwa nguvu kuliko gredi zenyewe.

Njia hii haifiki kila mahali, hata hivyo. Vyuo vikuu vina masharti yao kwa mwenye diploma, na baadhi ya taaluma hurudi kuangalia KCSE. Kanuni za TSC (tume ya taifa ya walimu) za kusajili walimu wa sekondari, kwa mfano, hudai C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundishia, hata kwa mwenye digrii ya ualimu. Anayetaka kazi kama hiyo aulize bodi husika kabla ya kuchagua kozi.

Karo nayo ina lake. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hukopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, ila mkopo wake wa kawaida una riba, na kwa familia nyingi za Kiislamu hilo peke yake huumaliza mjadala. Ndiyo maana vyuo vya ufundi vya kaunti vina uzito hapa: Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, viko karibu na nyumbani, na anayeanza hadaiwi KCSE. Kabla ya kulipa popote, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, kwa sababu cheti cha chuo kisichosajiliwa hakikupandishi ngazi inayofuata.