Teko wa kushoto na teko wa kulia: nani ana kazi nzito?

Katika futiboli ya Marekani, wachezaji watano hujipanga kama ukuta mbele ya kwotabeki, yule anayerusha pasi kwa mkono. Wawili wa pembeni ndio mateko. Kazi yao kubwa ni kuwazuia wapinzani wanaokuja mbio kumwangusha kwotabeki kabla hajaachia mpira.

Kwa miaka mingi teko wa kushoto ndiye aliyethaminiwa zaidi. Kwotabeki wa mkono wa kulia anapojiandaa kurusha hugeuza mwili, na mgongo wake hubaki upande wa kushoto. Anayemvamia kutoka huko haonekani. Novemba 1985 Lawrence Taylor wa New York Giants alimwangusha Joe Theismann wa Washington, Theismann akavunjika mguu na hakucheza tena. Taylor na wavamizi wa aina yake ndio waliozifanya timu ziweke mzuiaji bora kushoto na kumlipa vizuri. Wa kulia alitakiwa zaidi awe na nguvu za kuwafungulia njia wakimbiaji.

Mimi naona pengo hilo sasa limebaki dogo sana, na sababu kubwa ni wavamizi wenyewe. Makocha hawamfungi tena mvamizi wao hatari upande mmoja. Humpeleka penye udhaifu. Kwenye Super Bowl ya 50, yaani fainali ya ligi, Februari 2016, Von Miller wa Denver alimhangaisha teko wa kulia wa Carolina, akampokonya kwotabeki Cam Newton mpira mara mbili, na mara zote mbili Denver wakaishia kufunga. Miller akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Tena kuna makwotabeki wa mkono wa kushoto, kama Tua Tagovailoa, ambao mgongo wao hulindwa na teko wa kulia.

Fedha nazo zimefuata. Mwaka 2024 Detroit Lions walimpa Penei Sewell, teko wa kulia, mkataba wa miaka minne wa dola milioni 112, uliomfanya wakati huo kuwa mzuiaji anayelipwa zaidi kwa mwaka.

Kufanana kwa thamani hakumaanishi mateko wanabadilishana nafasi kirahisi. Anayehama upande hulazimika kugeuza kila kitu: mguu unaotangulia kurudi nyuma, mkono unaogusa kwanza, hata namna ya kusimama. Tristan Wirfs wa Tampa Bay alihama kutoka kulia kwenda kushoto mwaka 2023 akabaki kuwa hodari, lakini wapo wengi wazuri upande mmoja wanaopwaya wakipelekwa mwingine.